Safu ya Upumuaji

Kumi na nane. Mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, aliiandika kwenye safu ya upumuaji ya kitanda cha sita bila kuinua macho. Chini ya faili alikuwa amebana daftari la somo la dawa. Mtihani ulikuwa mchana huo; alishaufeli mara moja, na aliyefeli mara mbili hufungishwa virago. Wiki ya pili sasa usingizi ulikuwa umempa kisogo.

"Mjukuu wangu," aliita mzee wa kitanda kile, "hicho unachosoma kitamu?"

"Kichungu, babu."

"Basi ndiyo dawa yenyewe." Akacheka, na kicheko kikakatika njiani.

Hapo ndipo mwanafunzi alipomtazama. Mbavu zilipanda na kushuka kama za mtu aliyekimbizwa. Akatoa saa, akahesabu dakika nzima. Thelathini na sita. Akakimbia kumwita sista wa wodi, sista akamwita daktari. Mzee akainuliwa, akawekewa oksijeni.

Daktari alipekua faili. "Jana kumi na nane, juzi kumi na nane. Basi imemjia ghafla. Nitamtibu kama mwenye donge la damu mapafuni."

Mwandiko ulikuwa mzuri, umenyooka. Mwanafunzi akinyamaza, hakuna atakayejua. Mchana angekaa kwenye kiti chake cha mtihani kama wenzake.

"Si ghafla, daktari," alisema. "Sikuhesabu."

"Leo?" Sista aligeuka.

"Leo, jana na juzi. Niliandika tu. Juzi alikataa chai, akasema kifua kinambana. Nikamwambia apumzike."

Daktari aliuweka upya mpira wa kusikilizia mgongoni kwa mzee, safari hii chini kabisa, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akafuta alichoandika na kuagiza dawa ya maji yaliyojaa mapafuni taratibu.

Baadaye, mzee alipoanza kutulia, sista alimwingiza mwanafunzi ofisini.

"Ripoti nitaiandika. Sitakudanganya."

"Ndiyo, sista."

"Kaa." Akafunga mlango, akamkazia macho yaliyochoka kama ya mwanafunzi. "Umelala lini mara ya mwisho?"

Mwanafunzi alifungua mdomo ajibu upesi, kama alivyozoea kuwajibu walimu. Kisha akaufumba, akaanza kuhesabu kwa vidole.