Plasta Juu ya Moja

Nilikuwa nusu ya ngazi za kilima cha Jabal al-Luweibdeh, nakimbilia hospitali, nahema, na kipande cha kunafa, kitamu cha jibini na shira, kwenye leso ambacho sikuweza kukila wala kukitupa. Asubuhi hiyo Nashat, bosi wangu, alikuwa ameleta sinia zima ofisini. Programu yetu ya kukokotoa dozi za watoto njiti, iliyokaa miaka miwili kwenye toleo la sifuri nukta tisa, yaani la majaribio, sasa ilikuwa toleo la moja. Namba hiyo niliibadilisha mimi. Sikugusa kitu kingine.

“Hospitali hainunui kitu kinachoanza na sifuri, Ghaida,” alikuwa ameniambia. “Andika moja tu, watu walale.”

“Na lile kosa la watoto wasiofika kilo?”

“Limetokea mara ngapi? Mara mbili. Tutalirekebisha toleo lijalo. Wewe nawe una wasiwasi kama mama mkwe.”

Nilicheka na wenzangu, nikaandika moja.

Lakini nilimjua Umm Laith, mkuu wa wauguzi. Programu ikianza na sifuri, yeye hupiga upya hesabu ya kila dozi kwa kalamu, daftarini. Mara zote mbili ni daftari hilo lililotuokoa. Akiiona moja atalifunga. Hofu ndiyo iliyonipandisha zile ngazi.

Nilimkuta wodini, kando ya kitanda cha kioo cha mtoto njiti, bomba la sindano mkononi. Daftari lilikuwa limefungwa.

“Mabruk, hongera, binti yangu. Hatimaye mmetupumzisha.”

“Huyu ana uzito gani?”

“Gramu mia tisa. Mbona unahema hivyo?”

“Piga hesabu kwa mkono, Umm Laith. Nakuomba.”

“Si mmeandika moja?”

“Nimeandika mimi. Ndani ni ileile.”

Aliweka sindano chini, akafungua daftari. Alipiga hesabu, akairudia, kisha akanigeuzia ukurasa. Dozi ya kwenye skrini ilikuwa mara kumi ya ile ya kalamu. Hakunigombeza, na aibu yangu ikazidi. Alikata plasta, akaibandika juu ya ile moja kwenye skrini, akaandika sifuri.

Nashat alinifukuza kazi kesho yake kwa kutoa siri, sikubishana. Plasta ile, nasikia, ilikaa pale miaka minne. Wauguzi wapya, kabla ya kuonyeshwa chochote, waliambiwa wasiibandue.