Sanduku Lililopungua Uzito

Mwaka 1953 Bwana Laxmidas alikuwa na ukumbi wa sinema Mtendeni, mjini Tabora. Kila Jumamosi alasiri mfasiri alisimama kando ya pazia jeupe, akawaeleza watazamaji kwa Kiswahili yale yaliyosemwa kwa Kiingereza. Mfasiri wa zamani, Mfaume, alikuwa na tabia ya kumtaja mwuaji kabla hajaua. Watu walimchoka. Mwalimu Eustadia akaiomba kazi hiyo, naye Laxmidas akampa jaribio la siku moja.

"Wakinung'unika, Mfaume anarudi," alimwonya.

Asubuhi Eustadia aliitazama filamu nzima peke yake. Mwanzoni hakuna aliyetamka neno. Mwanamume mwenye koti refu alishuka kwenye garimoshi na sanduku mkononi, akapita stesheni bila kumsalimu mtu, akaingia chumba cha kungojea abiria, akatoka. Basi. Lakini Eustadia alikuwa mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, na aliona jambo lililomfanya aombe mkanda urudishwe mwanzo. Alitamani kujua kama wengine nao wangeliona.

Alasiri ukumbi ulijaa. Taa zikazimwa. Mwanamume akashuka na sanduku lake. Eustadia akanyamaza.

"Mwalimu, umemeza ulimi?" mtu akapaza sauti.

"Mrudisheni Mfaume! Angekuwa amekwisha kutunyongea mtu!"

Kicheko kikalipuka. Laxmidas akaja mbio kutoka mlangoni. "Mwalimu, mimi nataka mtu wa kusema!"

"Huyu bado hajasema kitu, Bwana Laxmidas." Kisha akawageukia watazamaji. "Tazameni anavyotembea."

Mwanamume aliingia chumbani, bega la kulia limeinama. Alipotoka, sanduku bado mkononi, mabega yalikuwa sawasawa.

"Ametua!" akasema Mahona, mtu wa Usoke. "Sanduku ni lile lile, mzigo haumo."

"Labda amepumzika tu," jirani yake akabisha.

"Wewe babu yako alikuwa mpagazi, au alifuata msafara akila? Aliyepumzika huinama tena akiinua mzigo."

"Na mtu mwema hupita kati ya watu bila salamu?" akauliza mama mmoja. "Huyo ana jambo."

"Sasa ameacha nini mle ndani?"

Mkanda wa kwanza ukaisha, taa zikawashwa ili wa pili ufungwe kwenye mashine. Kwa kawaida watu walitoka kwenda kunywa kahawa. Leo hakuna aliyeinuka. Mmoja alisema bunduki, mwingine dhahabu, mwingine akaapa kuwa ni kichwa cha mtu. Hata muuza kahawa aliingia kusikiliza, birika mkononi.

Laxmidas, ambaye miaka yote alikaa mlangoni akikata tiketi na hakuwahi kutazama filamu hata moja, alimsogelea Eustadia.

"Kazi ni yako," akanong'ona. "Haya, niambie. Ameacha nini?"

"Nikikuambia, Bwana Laxmidas, nitakuwa Mfaume."

Laxmidas akaufunga mlango wa tiketi, akavuta kiti, akaketi safu ya mbele.