Lori Lisilo na Klachi

Ulimi ndio uliomponza Masril. Siku bosi alipotangaza kwamba analeta lori jipya la gia nusu otomatiki, lisilo na pedali ya klachi, madereva wa saruji walikuwa kwenye kibanda cha kahawa wakicheza domino. Masril, mkongwe wao, akapiga kete mezani mpaka glasi zikaruka.

"Lori bila klachi! Hilo mpeni bibi harusi aendee sokoni. Mwanaume anabadili gia kwa mkono na mguu!"

Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bosi alikuwa nyuma yake, anakoroga kahawa. Basi, lori likaenda kwa Hendrizal.

Na Hendrizal hakuwa mtu baki. Alikuwa mwanyumba wake. Wameoa dada wawili, wanaishi pamoja kwa mama mkwe nje kidogo ya Padang, maana kwao mume ndiye anayehamia kwa mke. Jambo ambalo pale kibandani hakuna aliyelijua ni kwamba goti la kushoto la Masril lilikuwa limekwisha. Klachi ilikuwa imelila kidogo kidogo, na kila usiku alilisugua kwa mafuta ya moto, mkewe Erni peke yake akijua. Lile lori alilolitukana lilimfaa yeye kuliko dereva yeyote.

Roho ikamuuma. Kila asubuhi alimwona Hendrizal akiondoka bila haraka, mguu wa kushoto umepumzika kama wa mtu aliyekaa sebuleni kwake. Nyumbani ikawa balaa zaidi. Kichwa cha samaki, ambacho miaka yote mama mkwe alimwekea Masril, sasa kikahamia sahani ya Hendrizal.

"Kula, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Siku hizi unarudi hujachoka, hata kuni umenipasulia."

Masril akala mkia.

Chumbani, Erni akamtania. "Baba Yola, si ulisema la bibi harusi? Sizitaki mbichi hizi! Leo zimeiva?"

"Hebu nyamaza, nipe mafuta."

Lakini mlango ulikuwa haujafungwa. Bosi alimpa Hendrizal lori lile kwa majaribio tu. Akishindwa kupanda kona ya Sitinjau na mzigo kamili, atatafutwa dereva mwingine, na Masril alimjua huyo mwingine ni nani. Kona ile haina mswalie mtume: inapanda na kujikunja papo hapo, huku ukuta wa mlima, kule korongo. Gia unaichagua ukiwa chini, na ukishaingia huibadilishi mpaka utoke.

Jioni moja Hendrizal akamfuata barazani.

"Kaka, kesho napanda na mzigo kamili. Pale konani niiache gari ijichagulie gia, au nishike mwenyewe?"

Jibu Masril alikuwa nalo. Shika mwenyewe, gia ya chini, usiiguse tena. Lakini harufu ya mchuzi ikamjia kutoka jikoni, akaukumbuka ule mkia.

"Iache ijichagulie," alisema. "Si ndiyo kazi yake? Gari yenyewe imesoma kuliko mimi na wewe."

"Ahsante, kaka."

Asubuhi Masril akatangulia, goti likimwaka moto. Akaivuka kona, akaegesha kwenye kibanda cha juu ambako madereva hunywa kahawa na kuwacheka wanaokwama. Alitaka Hendrizal akwame tu, avutwe kwa mnyororo watu wakitazama, halafu basi.

Lori jipya likaja likinguruma kutoka chini, likaingia kona vizuri. Katikati ya mkunjo likasita. Lilikuwa linatafuta gia. Kwa pumzi moja injini haikuvuta kitu, na mzigo wote ule wa saruji ukaanza kurudi nyuma, breki zikilia bila kushika.

"Kabari! Wekeni kabari!"

Wanaume wanaoshinda pale konani kusaidia malori yanayokwama wakakimbia na magogo yao, wakayatupa nyuma ya tairi. La kwanza likarushwa pembeni. La pili likashika. Tairi la nyuma lilikuwa limeshalaza majani ya ukingo wa korongo.

Masril akajikuta amesimama, kahawa imemmwagikia mapajani, na wala hakuusikia moto wake. Akilini alikuwa amemwona Erni amemkumbatia mdogo wake, mke wa Hendrizal, msibani.

Hendrizal akaishika gia kwa mkono, akapanda taratibu mpaka kibandani. Aliposhuka, madereva wakamzunguka.

"We bwana, unataka kutuua? Mwanyumba wako hakukufunza kwamba pale unashika gia mwenyewe?"

Hendrizal akamtazama Masril.

"Alinifunza," alisema. "Mimi ndiye sikusikia."

Jioni ile mama mkwe alikuwa ameshapata habari zote, na Hendrizal akarudia maneno yaleyale mbele ya sahani: kaka alinionya, mimi mkaidi. Mama mkwe akakichota kichwa cha samaki, akakihamishia kwa Masril.

"Mwenye akili ndiye ale," alisema.

Hendrizal akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kando ya sahani ile.

"Nimemwambia bosi lori lile linamtaka mtu anayeijua kona, naye amekubali. Mimi nitachukua lako." Akashusha sauti. "Na goti lako, kaka, nasikia unavyolisugua usiku. Kuta za nyumba hii ni mbao."

Masril akalimega shavu la samaki, akalitia kinywani, asiisikie ladha yake. Lori alikuwa nalo, kichwa alikuwa nacho, na mama mkwe alikuwa anamwongezea mchuzi. Pembeni yake Hendrizal alikuwa anakula mkia kwa raha zake, anacheka na mkewe. Masril akamtazama, akamwonea wivu upya, wivu mbaya kuliko ule wa lori.