Majembe ya Mchunga

Usiku wa jana niliota, na kitu cha kwanza nilichokiona ni kandambili nyingi mlangoni, zote zinateleza kwa mafuta.

Nabisha hodi. Anayefungua ni ini la mama mkwe wangu, Bi Chausiku. Limejifunga kanga kiunoni, limechoka.

"Shikamoo, ini."

"Marahaba. Karibu, ila pa kukaa hakuna."

Kweli. Mafuta yamelala kwenye mikeka yote. Ni yale ya maandazi anayokaanga mkwe wangu, akiuza moja anaonja moja.

"Wageni hawa wamekuja tangu Idi," linaninong'oneza ini. "Daktari kaniona kwenye picha, kasema wasipoondoka nitaharibika, na Bi Chausiku ataugua vibaya. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi majembe sina."

"Lete chai!" tone moja nono linadakia. "Huyu mkwe bubu atatufanya nini?"

Sebule inageuka jiko letu. Sufuria ya mchunga inachemka. Kwetu mboga hii chungu huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa. Juu ya maji hayo amekaa Uchungu, mdogo kama njugu, kabeba majembe begani.

"Dada, unanijua?"

"Nakujua. Tunakumwaga kila siku. Mkwe wangu hakupendi."

"Basi mnamwaga majembe karoni," anasema bila hasira. "Miujiza siahidi, na maandazi apunguze. Lakini nipeleke kwake."

"Atakataa."

"Mbembeleze."

"Namwonea haya."

Uchungu ananitazama kama mtu anayetazama mvua. Namkinga kiganjani, nakimbia. Jiko linakuwa koo, tunateleza mpaka kwa ini.

Kila mgeni anapewa jembe. Wanalima wakinung'unika, wanatoka jasho, wanapungua. Tone nono linaomba ruhusa ya ugonjwa, linanyimwa. Ini linakunja mkeka mmoja, linakaa chini, linanyoosha miguu.

Nikaamka. Kiganja changu kilikuwa cha kijani. Nikakilamba: kichungu.

Nikatoka uani. Mkwe wangu alikuwa anapepea jiko, andazi la jana mdomoni.

"Leo mboga itakuwa chungu," nikasema. "Maji simwagi."

"Kha! Bubu kasema!" Akacheka mpaka andazi likamdondoka. "Haya, na mimi huo uchungu niule kwa lipi?"

Nilitazama chini.

"Kwa sababu nakupenda, mama. Sitaki uniache."