Miaka Sitini Mbele

Marehemu mume wangu, Delbert Ostermeyer, aliwahi kuongoza mbio kubwa za magari za maili mia tano kwa muda wa mizunguko miwili. Hilo halina ubishi. Ilikuwa mwaka 1963, na picha tunayo. Kisichosemwa ni kwamba aliongoza kwa sababu wenzake wote walikuwa wameingia kujaza mafuta, na yeye hakukiona kibao cha mafundi kilichomwita naye aingie. Mzunguko wa tatu gari likazima, watu wa zimamoto wakalisukuma mpaka kwenye nyasi.

Watu wengine wangeimeza aibu ile wakanyamaza. Familia yangu ikaanzisha timu.

Tunaishi hapa Indiana, karibu na uwanja wenyewe, ambako kila Mei watu wazima huacha akili zao nyumbani. Magari yale membamba, magurudumu nje, dereva kichwa juu, kwetu ni dini, na dini ina miiko yake. Gari lisipakwe rangi ya kijani. Karanga zisiingie gereji. Mwaka 1988 mwanangu Verlin aligonga ukuta akitoka tu kubadilisha tairi, hata kasi hajashika, na ukoo ukachunguza mpaka ukagundua kwamba wifi yangu alikuwa amekula karanga mbili kwenye maegesho. Wifi hakualikwa Krismasi kwa miaka mitatu. Verlin, ambaye wakati anagonga alikuwa akimpungia mkono msichana jukwaani, hakuulizwa kitu.

Delbert alipofariki aliniachia timu mimi. Kwenye karatasi mmiliki ni Lavonne Ostermeyer, na fomu yoyote isiyo na saini yangu ni takataka. Lakini desturi yetu ni kwamba mwanamume huamua, mimi hutia saini, kisha narudi kukaanga nyama ya nguruwe na kuoka pai. Nimesaini injini mbovu, nimesaini madereva wavivu, na nimesaini boti moja ambayo mpaka leo sijui ilihusikaje na mbio za magari.

Mwaka wa sitini wa timu, Mungu akatuonea huruma akatujalia dereva, Kaylin. Ni binti wa Verlin, ana miaka ishirini na minne, na tangu akiwa na kumi alikuwa akikililia kiti cha dereva. Verlin hakumpa kwa mapenzi. Dereva aliyemtaka alikuwa amemkataa, na wa pili pia, na wa tatu hakupokea simu.

Siku ya kufuzu tulikuwa magari thelathini na manne, nafasi thelathini na tatu. Kila gari huzunguka mara nne peke yake, na wastani wa kasi ndio humpa dereva nafasi yake. Asubuhi, lami ikiwa bado na ubaridi, Kaylin akazunguka zake nne safi kabisa. Akashika nafasi ya thelathini na mbili. Gari letu ni kuukuu, na mtoto yule alikuwa amelikamua mpaka tone la mwisho. Aliposhuka alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akanikumbatia na kofia yake ngumu bado kichwani ikanigonga paji la uso.

Waliobaki nje walikuwa akina Pruitt, ndugu wawili wa Terre Haute. Gari lao ni la kijani kama chura, na mbele ya gereji yao walikuwa wamekalia viti vya kukunja wakimenya karanga hadharani. Walikuwa wamezunguka zao nne polepole kuliko wote, kisha injini ikafa. Hawakuwa na la kufanya zaidi ya kutafuna.

Ingeishia hapo tungekunywa tukalala. Lakini Verlin alikuwa ametengeneza bango refu kama uzio: OSTERMEYER, MIAKA SITINI MBELE.

"Safu ya mwisho?" akafoka. "Mwaka wa sitini tuanzie mkiani? Watu watasoma hilo bango watatucheka!"

"Libandike nyuma ya gari," akasema Orrin, fundi wetu mkuu, bila kuinua kichwa. "Verlin, acha hizo bwana. Saa tisa hii lami inakaanga yai. Asubuhi tairi zilishika, sasa hivi zitateleza tu."

"Orrin, we umeanza lini kuwa mwoga?"

"Tangu siku niliyokujua."

Kaylin akaweka kofia yake mezani. "Baba, nisikilize. Nimeshaingia. Thelathini na mbili ni ndani. Sitaki kitu kingine."

"Babu yako aliongoza mbio hizi!"

"Babu aliishiwa mafuta, baba."

Picha ya 1963 ilikuwa ukutani, juu yetu. Kwa miaka sitini hakuna aliyewahi kuyatamka maneno yale mbele ya picha, na Verlin akawa mwekundu mpaka masikioni. Nadhani pale ndipo jambo lilipoamuliwa.

Anayetaka kujaribu tena lazima kwanza aufute muda wake kwa maandishi, na ukishafutwa haurudi. Verlin akaileta fomu.

"Mama, weka hapa."

Nimeshika saa ya kupimia mizunguko kwa miaka hamsini. Nilijua joto la lami, nilijua gari, nilijua kwamba tukifuta tu, wale wa kijani wanapanda mpaka thelathini na tatu, na sisi ndio tutakaohitaji kuwapita. Kaylin alikuwa ananitazama mimi, wala hamtazami baba yake.

"Una hakika, mwanangu?" nikamuuliza Verlin. Nyumbani kwetu hilo ndilo neno la kukubali.

"Mama, mimi nimezaliwa kwenye mbio."

Nikasaini.

Sijaona mtu akiendesha kama alivyoendesha Kaylin alasiri ile. Kwenye kona ya pili nyuma ya gari iliteleza kuelekea ukutani, akairudisha kwa ncha za vidole, akakanyaga tena. Mizunguko yote minne aliendesha hivyo, akipigania gari lililokuwa limeshachoka. Saa ikasema hapana. Alipungukiwa na nusu maili kwa saa kuwapita akina Pruitt, na kabla hajafika gereji ikalia bastola ya kufunga siku.

Akina Pruitt waliingia kwenye mbio kubwa wakiwa wamekaa vitini. Mkubwa wao alitupa maganda juu kwa furaha, yakatua kwenye bango letu.

Verlin hakukawia kupata sababu. Kwanza ulikuwa upepo. Kisha akanusa hewa. "Mnasikia? Karanga! Niliwaambia wahame pale!" Jamaa wengine wakanusa, wakaafiki. Orrin akaanza kukusanya spana zake moja moja bila kuaga mtu.

Nilimkuta Kaylin nyuma ya lori akikunja glavu zake.

"Bibi, ulijua gari haliwezi."

"Nilijua."

"Ungesema hapana. Karatasi ni yako, timu ni yako. Neno moja tu, Bibi."

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia habari za babu yake, na desturi, na jinsi baba yake anavyoumia mtu akimpinga mbele za watu. Nilijisikia nikiongea, na maneno yangu hayakuwa na tofauti na ya Verlin na upepo wake.

Kaylin alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama alivyolelewa.

"Baba ni mjinga," akasema. "Hilo nimelizoea. Lakini wewe si mjinga, Bibi."

Akabeba begi lake akaenda kwa miguu, akapita mbele ya akina Pruitt. Wote wawili waliacha karanga zao, wakasimama, wakamvulia kofia. Upande wetu hakusimama mtu, hata mimi.