Moshi wa Msafu wa Annette

Habari hii ilitoka kwa Berthe, anayeuzisha makala, mkaa wa kupikia, kwenye soko la Tshopo. Aliisimulia mwaka huu, majira ya mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, mvua ilipotukamata chini ya bati moja na magunia yake. Berthe anakaa mtaa wa Kabondo, kwenye avenue yenyewe yalikotokea, na aliyaona mambo haya kwa macho yake. Yanaandikwa hapa jinsi alivyoyasema.

Jumamosi moja asubuhi Annette alikuwa anafagia mbele ya chumba anachopanga kwa Mama Priscille. Ilikuwa salongo, zile saa ambazo hakuna duka linalofunguliwa mpaka kila mtu amesafisha kwake. Annette alifagia ameinama, mkono mmoja mgongoni, na njiti za ufagio zilikuwa zimebaki fupi. Ng'ambo ya barabara, ndani ya parseli, kiwanja alimokuwa akiishi Annette na marehemu mume wake Ignace, shemeji yake Wenceslas alikuwa anakusanya majani makavu ya msafu, mti wa matunda ya safu, kwa reki. Aliyalundika katikati ya kiwanja, mbali na nyumba, akaweka ndoo ya maji kando, akapiga kiberiti.

Moshi ulitoka. Ukapanda mpaka kimo cha mtu, ukageuka, ukapenya kwenye ukuta wa mianzi. Ulingoja toleka moja ipite, baiskeli na abiria wake nyuma, kisha ukavuka barabara, ukamkuta Annette na ufagio wake, ukasimama hapo.

"Imefika," Annette alisema.

"Minaiona," Mama Priscille alijibu toka jikoni, akitwanga majani ya muhogo. "Uiambie isiingie kwa pondu yangu."

Kwenye avenue ile moshi wa majani unakwenda kwa mtu aliyepanda mti. Ilianza baada ya kile kiangazi kilichounguza jiko la jirani Sadrack, na hakuna aliyekwenda kumuuliza padri. Watu waliuzoea kama walivyouzoea umeme, unaokuja ukitaka na kuondoka ukitaka. Marehemu Papa Amuri alikuwa amepanda nusu ya michungwa ya pale, basi kila Jumamosi moshi wake ulishika njia ya makaburi, taratibu, pembeni mwa barabara, na wenye baiskeli walimpisha kama walivyompisha alipokuwa na miguu. Mama Priscille naye alichoma matawi ya mlimau ambao bwana wake alisema aliupanda yeye mwenyewe. Moshi ukaondoka kuelekea mtaa wa Plateau Boyoma, kwa mwanamke mmoja fulani. Bwana alikula chakula baridi kwa muda, kisha yakaisha.

Sheria za kuchoma alizitoa Papa Élie, shefu wa avenue, baada ya jiko la Sadrack. Alipita na filimbi, akisimama kwenye kila mlango. Moto uwe katikati ya kiwanja, si chini ya paa la majani ya ndele. Upepo ukitoka upande wa mto Tshopo, usiwashe, hata kama majani yanakuzidi. Plastiki hapana, mpira wa gari hapana, godoro hapana.

"Na godoro ya marehemu?" Sadrack aliuliza.

"Hata ya marehemu. Utaizika."

Mwenye moto asiondoke, asiende kucheza dama akisema atarudi. Na mwisho, jivu limwagiwe maji, likorogwe, limwagiwe tena, mpaka mtu aweze kutia mkono ndani na kuuacha. Hakuna aliyezifuata sheria hizi kumshinda Wenceslas. Alikuwa mtu wa utaratibu. Ndoo yake ilijaa daima.

Sasa, jambo la parseli lilikuwa hivi. Ignace alipokufa, Wenceslas alikuja toka Yangambi na ndugu zake kwenye matanga. Matanga yalipokwisha ndugu walipanda mtumbwi wakarudi, yeye akabaki. Alisema parseli ilikuwa yake tangu mwanzo, marehemu alikuwa anamchungia tu. Pale Kabondo viwanja vingi vilishikwa wakati ilikuwa bado pori, na ugomvi ukitokea shefu ana swali moja: nani alipanda mti wa kuzaa? Nyumba mtu anaweza kujenga kwa wiki, lakini mti hauongopi umri wake. Wenceslas alijibu kwamba ule msafu aliupanda yeye, na kwamba Annette aliletwa bibi arusi akaukuta mrefu. Annette alijibu kwamba aliupanda yeye, kwa mbegu ya safu aliyokula ndani ya mtumbwi siku alipokuja kuolewa, akaumwagilia maji ya chemchemi akiyabeba kichwani. Mtu pekee aliyemwona akipanda alikuwa Ignace.

Papa Élie aliwasikiliza wote wawili. Akasema Wenceslas ana haki, kwa kuwa mwanamume ndiye anayeanza kiwanja. Annette akatoka na godoro, sufuria zake na picha ya arusi. Alipanga kwa Mama Priscille kwa sababu mlangoni pake aliuona msafu wake.

Ndipo moshi ukaanza kuvuka barabara.

Jumamosi ile, majani yalipokwisha kuungua, Annette alifunga kikwembe kizuri akaenda kwa Papa Élie. Alimkuta ananyoa ndevu mbele ya kioo kilichoning'inia kwenye mpapai.

"Papa Élie, ile moshi iko inakuja kwangu."

"Minaiona, mama. Inavuka njia."

"Donc njo miye nilipanda ule muti."

Papa Élie alivuta shavu, akapitisha wembe. "Ya kupanda, miye nilisha kusema. Shefu akisema leo, kesho akasema ingine, batamuita mutoto."

"Ulisema mbele moshi haijasema."

"Eeh. Ilichelewa."

Alisafisha wembe ndani ya kopo, akauangalia.

"Lakini ya kuvuka njia, hiyo iko kazi yangu. Bonheur wa toleka alianguka na mama moja wa mimba kwa kiti ya nyuma, juu ya moshi yako."

"Yangu?"

"Si inakuja kwako?"

"Kama iko yangu, basi muti iko yangu. Na parseli."

"Mama Annette, usichanganye mambo," Papa Élie alisema kwa upole. "Hapa tunaongea moto."

Akaongeza sheria siku ileile, akaipigia filimbi barabara nzima. Kila Jumamosi, Wenceslas akiwasha, Annette aende kusimama kwenye ukuta wa parseli, upande wa nje, aupokee moshi palepale usivuke tena. Na ndoo ya pili ya maji aje nayo yeye, maana moshi ni wake.

Annette alikwenda. Alisimama na ndoo yake, mgongo umeelekea barabara, na kupitia mianzi aliona jiko lake, jiwe lake la kusagia pilipili na mlango aliokuwa akiufunga kwa kamba. Moshi ulitoka ukamzunguka. Bonheur alipita na baiskeli yake, akamshukuru. Kila mtu alikubali kwamba barabara imekuwa salama.

Annette alikuwa akihesabu kwamba siku moja mambo yatatosha. Watu wakiona Jumamosi hii, wakiona na ile, hata shefu atachoka kugeuza macho. Hakutaka kingine. Alitaka kuingia kwa mlango ule na godoro lake.

Wenceslas naye hakukaa bure. Alihamisha rundo karibu na kiti chake, akakaa katikati ya njia ya moshi. Moshi ulimzunguka kama mtu anavyozunguka tope. Alipepea kwa sahani ya bati mpaka jasho likamtoka. Akaleta toka Yangambi kifungu cha matawi ya michikichi, akisema haya aliyapanda kwa mkono wake, watu wataona. Akayachoma. Moshi ulitoka, ukashika barabara ya Yangambi, ukaenda zake kwa mtu mwingine.

Wale waliosimama kutazama walirudi kwenye mafagio yao, na hilo ndilo lililomuuma. Akamgeukia shemeji yake Annette nyuma ya mianzi.

"Semeki, ungezaa mutoto, leo angekusaidia kubeba ile ndoo."

Annette aliiweka ndoo chini.

"Na weye semeki, ungepanda hata pilipili, leo ungekuwa na moshi ya kukuliza machozi."

Mama Priscille alicheka akiwa ng'ambo, Sadrack akacheka, na Bonheur akashuka kwenye baiskeli ili acheke vizuri. Hata Papa Élie alifuta mdomo kwa mkono. Wenceslas alichukua reki yake akaingia ndani.

Wiki iliyofuata alimwita Franck mwenye mashini ya kukata. Msafu ulianguka ukielekea jiko, na Franck akaukata vipande. Annette alisimama mlangoni pake mpaka mashini iliponyamaza. Alikwenda kumwambia Papa Élie, naye akamjibu kwamba mti wa mtu ndani ya parseli yake, shefu hana la kusema, ila akitaka kuuchoma aarifu.

Wenceslas aliarifu. Aliacha vipande vikauke mpaka kiangazi kidogo, kisha akapita kwa majirani wote akawaambia siku, jinsi sheria inavyotaka moto mkubwa. Alichimba mfereji kuzunguka rundo. Akapanga ndoo, akaleta mchanga. Asubuhi alirusha unyoya wa kuku juu aone upepo, unyoya ukaanguka mguuni pake. Papa Élie alikuja na filimbi, akakagua, akasema hajawahi kuona moto ulioandaliwa vizuri namna hiyo, na wengine wajifunze. Annette aliitwa. Alikuja na ndoo.

Mti mzima uliungua tangu asubuhi mpaka jua likasimama kichwani. Moshi ulitoka wote kwa wakati mmoja, mzito, ukaja kwa Annette kwenye ukuta. Ulimjaa mikononi, ukajaa barabara, na bado ulikuwa unatoka. Bonheur alisimamisha baiskeli akauliza kama kuna njia nyingine.

"Hauwezi kuishika yote," Papa Élie alimwambia Annette.

"Siwezi."

"Bon. Uipeleke kwako. Lakini mara moja."

Akapiga filimbi, akanyoosha mikono, akazuia toleka zote na motokari moja ya bia. Annette alivuka mbele na ndoo yake. Moshi ulimfuata mpaka wa mwisho ulipotoka kwenye mianzi, na Papa Élie akashusha mikono, watu wakapita.

Ndani ya chumba moshi haukutawanyika. Ulisimama. Shina lilishika pale kati ya kitanda na sufuria, matawi yakaenda chini ya bati, mengine yakapita bati bila kulitoboa, na kutoka barabarani msafu ulionekana umesimama juu ya nyumba ya Mama Priscille, wa rangi ya jivu, na majani yake yote. Kivuli chake kilifika mpaka kisimani.

Mama Priscille aliingia kuangalia. Aliligusa shina, mkono ukapita.

"Iko inakunywa maji?"

"Hapana."

"Itaharibu bati?"

"Haigusi."

"Bon. Basi haina neno." Akaleta kigoda chake akakaa kivulini, akaendelea kuchambua mchele.

Saa ya jioni Annette alikwenda kwa Papa Élie mara nyingine. Berthe alikuwa anapita na gunia, akaweka gunia chini asikie.

"Papa Élie, muti nzima iko kwangu. Kila mutu anaona."

"Miye pia minaona. Muti muzuri."

"Na unasema nini?"

Papa Élie alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Minasema affaire imeisha. Mulikuwa munagombania muti na parseli. Sasa kila mutu iko na yake. Weye muti, yeye parseli."

Annette hakulia, wala hakutukana. Aliaga, akapita kwa Berthe, akamsaidia kuinua gunia kichwani.

Ng'ambo ya barabara Wenceslas alikuwa anamalizia. Alimwaga maji, akakoroga jivu kwa jembe, akamwaga tena. Alipiga goti akatia mkono ndani, akauacha humo kama sheria inavyosema. Jivu lilikuwa baridi. Fundi alikuwa amekuja kupima, maana pale msafu uliposimama panatosha nyumba ya matofali ya vyumba viwili vya kupangisha. Walinyoosha kamba, wakapigilia vijiti, wakakunja kamba. Fundi akaenda zake. Wenceslas alioga, akala, akafungua redio. Kwa kuwa hakukuwa na mti tena wa kuizuia, sauti ilivuka mpaka kwa Annette wazi kabisa, matangazo ya vifo na yote.

Annette alisonga lituma, ndizi za kuponda, akala na samaki mdogo, akaosha sahani. Shina la moshi lilikuwa limechukua mahali pa kichwa, basi aligeuza godoro, kichwa kikaja upande wa mlango. Mama Priscille alikwisha kulala. Redio ya ng'ambo ilisema saa, kisha Wenceslas akaizima, na kitanda chake, kile cha Ignace, kikalia mbao mara moja.

Annette alizima taa. Macho yalimwasha. Akakohoa kidogo, akavuta kikwembe mpaka puani, na usingizi ukamchukua.