Mpaka Uliofumwa Jichoni

Jumanne moja ya Julai mwaka 1999, saa tatu asubuhi, Emerensiana alikuwa anapiga mpunga kwa fimbo juu ya turubai la shemeji yake, Fulgensi. Mpunga wenyewe ulitoka katika shamba ambalo miaka miwili nyuma lilikuwa la kwake na marehemu mumewe, lakini hilo kijiji kizima kilishalizoea, naye alikuwa anajitahidi kulizoea. Alipoinua fimbo tena, kapi moja lenye ncha likaruka likamchoma jicho la kulia. La kushoto lilikuwa limekufa tangu surua ya utotoni, limebaki la kujua tu kwamba kumekucha. Kwa hiyo alipofumba la kulia, ikawa basi.

Jirani aliyekuwa ananyonyesha akamkamulia maziwa jichoni, kama inavyofanyika. Siku ya nne jicho lilikuwa limevimba na linatoa usaha. Mashimba, mfugaji wa Kisukuma anayepakana nao upande wa mbugani, akampakia kwenye baiskeli mpaka Ifakara mjini, huku akilalamika njia nzima kwamba mwanamke mwembamba namna ile anawezaje kuwa mzito hivyo.

Hospitalini alipokelewa na daktari wa macho, Hajira, binti wa mwenye duka la vitambaa pale pale mjini. Alimwamkia shikamoo, akamlaza, akatoa kapi, akashona jeraha kwa nyuzi tatu nyembamba kuliko unywele. Alipomaliza kufunga bandeji akavuta kiti, maana alikuwa mtu wa kupenda kueleza.

"Mbele ya jicho kuna kioo, mama, tunakiita konea. Ndani yake kuna seli, vitu vidogo vyenye uhai, zimelala bapa kati ya tabaka na tabaka. Siku zote hazina kazi kubwa. Kioo kikichanika, zilizo karibu na jeraha zinakufa. Za mbali kidogo zinaamka, zinakuja zenyewe, zinafuma nyuzi za kuziba. Zikifuma kwa utulivu, kioo kinabaki safi. Zikifuma kwa pupa, panabaki kovu jeupe."

"Nani anaziamsha?"

"Zinapata habari kwamba jirani amekufa."

Emerensiana akaona ni sawa. Hata kijijini, wale wasioamka kwa kitu kingine huamka kwa msiba.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, akaanza kuwasikia wale wa ndani ya kioo. Walikuwa wanaongea Kindamba. Wangeongea lugha gani nyingine, nao walizaliwa humo na hawajawahi kutoka? Kwanza walizika wenzao, bila makelele, hata pombe hawakunywa. Kisha wakajipanga kwa kualikana kama watu wa kulima, wengine wakishika kingo za jeraha na kuzivuta zikaribiane, wengine nyuma yao wakifuma. Muuguzi alipopita akamwuliza anasumbuliwa na nini. Akajibu hakuna, ila wanapiga kelele kidogo. Muuguzi akaandika kwenye kadi: wanapiga kelele kidogo.

Siku ya tano akasikia mmoja wao, sauti ya mama mtu mzima, akiuliza wenzake tunafuma nini. Mwingine akajibu, tutafuma kitu gani zaidi ya kile tulichokuwa tunakitazama? "Kichuguu kiwekwe wapi?" "Kiwekwe pale pale, kushoto kwa mvumo."

Hapo Emerensiana akatega sikio. Kichuguu kile alikijua, na ule mti wa mvumo aliujua.

Kwa miaka kumi na miwili, kila mpunga ulipoanza kutoa masuke, alikuwa anahamia shambani na kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akiamia ndege wasile mpunga. Kuamia ndege ni kazi ya kutazama tu. Unatazama kuanzia alfajiri mpaka jua linazama, na kutupa udongo kwa kombeo mara moja moja. Jicho lile la kulia lililitazama shamba lile kuliko lilivyomtazama mtu yeyote, Valeriani mwenyewe akiwamo.

Na katika bonde lile mpaka si kitu cha kudumu. Kila masika mto unapanda, unafuta kila alama, unashuka. Maji yakishakauka, ndugu wawili wanaopakana wanakanyaga mpaka: wanatembea bega kwa bega kutoka kichuguu hadi mvumo, peku, wakiburuza visigino kwenye tope. Wakirudi mara tatu, mpaka umekaa mpaka mwakani. Valeriani na Fulgensi walikanyaga hivyo tangu baba yao afariki. Kisha Valeriani akafa, mwezi mmoja kabla ya mafuriko ya Elinino. Maji yalipokauka, Emerensiana alikuwa bado amevaa kaniki ya matanga, akasema shemeji atakanyaga, si ni ndugu. Hilo ndilo kosa lake, na yeye hulisema hivyo hivyo bila kulipamba. Fulgensi alikanyaga peke yake. Alianzia kwenye kichuguu, lakini hakuelekea kwenye mvumo. Alikata kulia, akaenda mpaka mtoni, na ekari zote mbili za marehemu zikabaki upande wake.

Tangu hapo Emerensiana alikuwa amekwenda kwenye baraza la kata mara tatu. Kila mara aliulizwa alama iko wapi, na kila mara alikuwa hana. Sasa alilala chali kwenye kitanda cha hospitali, alama ikifumwa ndani ya jicho lake mwenyewe. Alifurahi mpaka akaogopa kucheka, asije akawatikisa.

Wiki ya tatu Daktari Hajira akafungua bandeji, akamulika kwa tochi na kusogeza lenzi. Akaisogeza tena.

"Mama, hapa naona kichuguu."

"Na mvumo?"

"Upo. Na mstari kati yake. Hapa chini naona kama dungu." Akachora yote kwenye kadi, akaandika pembeni: kovu, umbo la shamba. Kisha akatoa kichupa. "Haya ni matone. Utatia mara nne kwa siku, wiki sita. Yatawatuliza hawa, wapunguze pupa, na ule weupe utakwenda ukipungua. Utaona tena vizuri, hata uzi kwenye sindano utatunga."

"Na shamba?"

"Litafutika pamoja na weupe."

Emerensiana akauliza kama anaweza kusubiri. Kesi ilikuwa imepangwa baada ya wiki tano. Hajira akatikisa kichwa. Waliofuma kwa pupa wakishakaza, alisema, hawafumui. Kioo cha namna hiyo hubadilishwa kwa konea ya marehemu, na yeye hapo Ifakara hana marehemu wa kumpa. "Una jicho moja tu linaloona, mama. Mimi ningekuwa wewe ningetia matone."

"Wewe una duka, mwanangu," Emerensiana akasema, bila ubaya wowote. Akapokea kichupa, akakifunga kwenye ncha ya khanga, na hakukifungua.

Wiki tano zile alikaa kwake ndani ya ukungu uliozidi kuwa mzito. Kwanza zilipotea sura za watu, wakabaki na sauti zao. Halafu ukapotea moto wa jiko, akawa anapika kwa kusikiliza sufuria. Mara mbili alikishika kile kichupa, akakizungusha mkononi. Alilia pia, uchungu ulimshika hasa. Wale ndani wakamwomba asilie sana, chumvi inawaharibia kazi.

Siku ya kesi baraza lilikaa kwenye darasa la shule, kwa kuwa ilikuwa likizo. Emerensiana akaeleza kwamba alama ipo, akawekwa kwenye kiti karibu na dirisha. Wajumbe wakapanga mstari. Katibu akashika tochi, na kila mmoja aliinama, akatazama, akarudi mahali pake. Mjumbe mmoja mzee aliomba arudie kwa sababu alisahau miwani.

Mashimba, aliyeitwa kama jirani, alitazama kuliko wote.

"Ng'ombe wangu hawamo," akasema.

"Tazama chini ya mvumo," akajibiwa na Emerensiana. "Yumo mmoja."

"Ee, ni yule mwekundu," Mashimba akakubali. "Aliingia kweli kwenye mpunga wako mwaka ule. Nilikuwa nabisha."

Fulgensi naye akatazama. Hakubisha hata kidogo. Alisema ni kichuguu chenyewe, ni mvumo wenyewe, na mstari umepita pale pale alipokuwa anakanyaga na marehemu kaka yake, tena wamefuma vizuri.

Mwenyekiti wa baraza, Venance, akafunga daftari kwa upole. "Mama, hakuna asiyeuona mpaka. Baraza linakushukuru. Lakini jicho ni la mlalamikaji, na mlalamikaji hawezi kuwa shahidi wa kesi yake. Halafu mpaka kwetu unakanyagwa na wanaume wawili wa ukoo. Wewe una nani wa kukanyaga naye?"

Emerensiana akasema mume wake amekufa.

"Ndiyo hivyo," Venance akasema, na kwa sauti yake alikuwa anamsikitikia kweli. Wakampa soda.

Alirudi hospitali baada ya hapo, Mashimba akiendesha. Hajira akamulika, akashika ile kope muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Matone hayakuwa na maana tena. Wale waliokuwa wakivuta kingo walishaondoka, na waliobaki walikuwa wamelala bapa, kila mmoja mahali pake, katikati ya kazi yao. Emerensiana aliwaambia ahsanteni, kwa Kindamba. Hawakuamka.

Mwaka ulipita. Aliendelea kupiga mpunga kwa Fulgensi, maana fimbo haihitaji kuona, na sasa kapi likiruka halikuwa na la kuharibu. Watu walizoea kuja kutazama jicho wanapobishana kuhusu mfereji au njia ya ng'ombe, naye aliwaruhusu.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mahmoud, akanunua mashamba ya ng'ambo ya mvumo, akaleta trekta, akalima mpaka katikati ya zile ekari mbili. Fulgensi akaenda barazani kulalamika. Akaulizwa alama iko wapi. Wiki hiyo hiyo Emerensiana akaletewa karatasi ya wito yenye mhuri, na Fulgensi mwenyewe akaja kumchukua kwa baiskeli.

"Shemeji, nisaidie," alisema njiani. "La sivyo shamba linakwenda."

"Shamba lilishakwenda, shemeji."

Fulgensi akakanyaga pedali. Hasira ilimpanda Emerensiana, akafikiria kufumba jicho na kutolifumbua mbele ya mtu yeyote. Lakini alipokalishwa karibu na dirisha alilifumbua. Asingeweza kuvumilia lile shamba lisemwe dogo kuliko lilivyo.

Wajumbe wakapanga mstari. Katibu akapima mstari jichoni kwa rula ya shule, akapiga hesabu ya hatua, na Mahmoud akaamriwa arudishe trekta nyuma ya mvumo. Venance akasoma uamuzi kwa sauti: jicho limepokelewa kama ushahidi, kwa kuwa limeletwa na mwenye shamba, Fulgensi. Shahidi anatakiwa athibitishe kwa dole gumba.

Katibu akasogeza karatasi mezani. Emerensiana akainama, akaitafuta, akaona weupe tu. Fulgensi akamshika mkono taratibu, akamwonyesha mahali pa kuweka dole.